Siku kumi na tisa za Sikuzani wa Dunda bila kuuza

Saa mbili asubuhi. Mvua ya masika imepumzika kidogo, na uani kwa Sikuzani, mtaa wa Dunda mjini Bagamoyo, matone bado yanadondoka kutoka kwenye makuti. Mwenyewe ameketi juu ya mbuzi, anakuna nusu ya mwisho ya nazi. Mbele yake kuna mananasi mawili yaliyomenywa, ndizi mbivu tatu, ndimu moja, na kaango la udongo lenye ufa mdomoni.

Anakata mananasi vipande vidogo, anavitandaza kaangoni, anakatia ndizi juu yake, anakamulia ndimu na kunyunyiza iliki iliyotwangwa. Sukari hatii. "Ndizi ndiyo sukari yangu," anasema. "Ikishapata madoa meusi ganda zima, haihitaji msaada."

Kisha anakamua tui la nazi na kuliweka kando kwa mchuzi wa mchana. Chicha iliyobaki anaichanganya na unga wa mtama, kijiko cha samli na chumvi kidogo, anasugua kwa ncha za vidole mpaka unga unakatika vipande vipande kama chenga za mchele. Anazimwaga chenga hizo juu ya matunda bila kuzikandamiza. Kaango linakwenda kwenye moto mdogo wa vifuu, linafunikwa, na makaa yanapaliwa juu ya kifuniko.

"Tunda halina haraka," anasema huku akipepea. "Chenga ndizo zenye haraka. Ukizisahau zimeungua, ukiwahi kuzitoa ni unga tu."

Watu wa Dunda wamekiita chakula hiki chengachenga. Wapagazi waliotoka bara, waliokula ugali mkavu na nyama ya moshi miezi mingi, hukitafuta kabla hawajatafuta nguo mpya. Vikongwe wasio na meno huomba kipande cha katikati, palipolainika. Kipande huuzwa pesa moja, na msafara mkubwa ukiingia mjini Sikuzani humaliza makaango sita kabla ya adhuhuri.

Lakini kaango hili la leo ni la nne tu tangu aruhusiwe tena kuwasha moto wa biashara. Mwezi uliopita, kwa siku kumi na tisa, hakuna mtu Dunda aliyethubutu kula kitu kilichotoka mikononi mwake. Walisema ametia watu sumu.

Umri wake Sikuzani haujui kwa hesabu. Anajua tu kwamba mwaka wa tufani, bahari ilipoangusha minazi na kuezua nusu ya mji, alikuwa na miezi saba tangu aolewe. Mume wake, Msabaha, alikuwa mpagazi. Alibeba vitambaa vya merikani kwenda Unyanyembe, huko bara, na kurudi na pembe za ndovu, mzigo wa frasila mbili begani, safari baada ya safari. Walijaliwa binti mmoja, Mina, ambaye sasa ameolewa Miono.

Miaka minne iliyopita msafara ulirudi bila Msabaha. Kiongozi wa msafara ule alikuwa Rehani, mtu wa hapa hapa Bagamoyo, nyumba yake si mbali na msikiti. Sikuzani aliletewa habari na mpagazi aliyejiunga na msafara baadaye, mlangoni, amesimama: Msabaha alishikwa na tumbo la kuhara damu, akafa njiani. Alifia wapi hasa, nani alimzika, au kama alizikwa, mleta habari hakujua. Rehani mwenyewe hakuja.

"Nilimngoja," anasema Sikuzani. "Nilikaa eda yangu nikimngoja. Eda ikaisha, hakuja. Nikisikia kikohozi chake sokoni, nilibadili njia."

Kuoka kulimjia kwa mlango wa urafiki. Genoveva ni mpishi wa masista kule misheni. Alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akaletwa pale, akakulia na kuolewa katika kijiji cha Wakristo. Wanawake hawa wawili walijuana sokoni, wote wakigombea nanasi moja. Nanasi lile walilikata katikati, na tangu siku ile wanaitana shoga.

Genoveva ndiye aliyemsimulia kwamba masista huoka matunda yaliyofunikwa chenga za unga wa ngano na siagi. Sikuzani hakuwa na ngano wala siagi. Alijaribu kwa mtama na samli, ikawa ngumu kama gae. Genoveva akamshauri atie chicha. Mara ya tano ndipo ilipokubali, na Genoveva akakiri, kwa sauti ya chini, kwamba imeishinda ya masista.

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, mwanzoni mwa masika. Rehani alikuwa njiani kurudi baada ya miezi kumi na minne, na mkewe, Bibi Fatu, alikuwa akiandaa karamu ya kumpokea. Alituma mtu kwa Sikuzani kuagiza makaango matatu ya chengachenga.

Sikuzani alifikiri kukataa. Genoveva alimwuliza kama ana ugomvi na Bibi Fatu, na hakuwa nao. Basi akaoka. Alhamisi saa kumi alasiri makaango matatu yakapelekwa yakiwa ya moto. Kwa kuwa alikuwa na mteja mwingine Ijumaa, aliomba arudishiwe vyombo vyake mapema, na jioni ile ile vikarudi, vimeoshwa.

Msafara haukufika Alhamisi. Mto Kingani ulikuwa umefurika, na wavushaji walikataa kutia mitumbwi majini. Rehani na watu wake waliingia mjini Ijumaa baada ya swala, wakala wali, wakala nyama, kisha ikaletwa chengachenga.

Kabla ya magharibi watu kumi na mmoja walikuwa wakitapika na kukatwa na tumbo. Wageni walibebwa kurudishwa makwao. Rehani, aliyepita mapori yote yale na kurudi mzima, alilala kitandani kwake siku tano akinyweshwa maji ya dafu kwa kijiko.

Habari hazikuchukua muda. Kila mtu alikumbuka kwamba nyama na wali walikula na watumishi pia, na watumishi walikuwa wazima. Chengachenga walikula Rehani na wageni peke yao. Kisha kila mtu akakumbuka Msabaha.

"Nilisikia kwa jirani, naye aliniambia akiwa ng'ambo ya ua, hakuvuka," anasema Sikuzani. Anasita, anapunguza makaa mawili juu ya kifuniko. "Nitakwambia jambo ambalo sikumwambia Jumbe. Niliposikia Rehani ameanguka, moyo wangu uliruka, na haikuwa kwa huzuni. Halafu nikauogopa moyo wangu mwenyewe. Nilitazama mikono yangu nikajiuliza, je, imefanya jambo ambalo mimi silijui?"

Jumbe wa mtaa alimwita siku ya pili yake. Bibi Fatu alikuwapo, amevimba macho kwa kulia, na alisema mbele ya watu wote kwamba mwanamke huyu alikuwa na kisasi na ameweka kisasi chake kaangoni. Sikuzani aliapa kwamba hakutia kitu. Aliulizwa kama ana kinyongo na Rehani. Akasema anacho. Wazee walitazamana.

Jumbe alimwamuru asiuze chakula wala asitoke mjini mpaka jambo lijulikane. Kama mmoja wa wagonjwa angekufa, alisema, kesi ingekwenda kwa Liwali, na huko yeye Jumbe hatakuwa na la kumsaidia. Sikuzani alikuwa amekwisha funga kibunda aende kwa Mina huko Miono. Alikifungua.

Ndipo zikaanza siku kumi na tisa ambazo anazihesabu bila kukosea hata moja. Wanawake waliozoea kuja kuomba kijinga cha moto asubuhi walikwenda nyumba ya tatu. Muuza mananasi alimwuzia, lakini alimwambia aiweke pesa chini, asimpe mkononi. Alipika ugali wa mtu mmoja, akala nusu.

Aliyekuja ni Genoveva peke yake. Misheni nako walimwonya akae mbali na kesi za watu wa mjini, na mume wake alimwomba afikirie watoto. Alikuja hivyo hivyo, mchana kweupe, kupitia barabara kubwa, na siku ya kwanza alimwambia Sikuzani amwokee.

Sikuzani alikataa. Genoveva akachukua mwenyewe unga, akaanza kusugua. Wakaoka pamoja, na Genoveva akaenda kuketi barazani, mahali wapitao wanamwona, akala kipande kizima polepole.

Mwandishi wa habari hii alimwuliza Genoveva kama hakuogopa. Alicheka kidogo. "Niliogopa," alisema. "Si chakula. Niliogopa wakimwona anakaa peke yake watazoea kumwona hivyo."

Wagonjwa walipona mmoja mmoja, na hilo lilikuwa la kwanza la kushukuru. Lakini kupona kwao hakukumsafisha Sikuzani. Watu walisema tu kwamba dawa aliyoitia ilikuwa kidogo.

Siku ya kumi na sita Genoveva alikuja na porojo za sokoni. Mama yake Bibi Fatu, kizee asiye na jino hata moja, alikula chengachenga naye hakuumwa, na mji mzima ulikuwa ukiisifu hirizi yake. Genoveva alilileta kama jambo la kuchekesha. Sikuzani hakucheka. Aliuliza kizee alikula lini.

Genoveva hakujua. Akatumwa kuuliza, na akarudi na jibu: alikula Alhamisi jioni, chakula kilipofika tu, kwa sababu yeye huwa hawezi kungoja wageni. Alikula akashiba, akalala salama.

"Hapo ndipo akili ilipofunguka," anasema Sikuzani. "Makaango yangu yalirudi Alhamisi jioni. Wageni walikula Ijumaa mchana. Nikasema, kile chakula kililala wapi?"

Hakwenda kwa Jumbe mbio. Alilala na swali lile usiku mmoja, akaoga, akavaa kanga safi, ndipo akaenda. Alimwamkia Jumbe, akaitikiwa, na akasema maneno machache: kwamba yeye haombi kusamehewa, anaomba Bibi Fatu aulizwe chakula kililazwa katika chombo gani.

Bibi Fatu aliposikia swali lile hakuona ajabu yoyote. Alisema wazi kwamba kilihamishiwa katika sufuria kubwa ya shaba, ya urithi aliyokabidhiwa na mama yake, inayosuguliwa kwa mchanga na jivu mpaka inang'aa kuliko sufuria zote za mtaa. Kikafunikwa, kikangoja wageni hadi siku ya pili.

Jumbe alituma aitwe Bwanaheri, fundi wa kutia bati ndani ya vyombo vya shaba, mtu mzee ambaye mikono yake ina makovu ya bati la moto. Bwanaheri aliigeuza sufuria kwenye mwanga, akapitisha ukucha ndani yake, akauliza mara ya mwisho ilitiwa bati lini.

Bibi Fatu hakukumbuka. Mama yake alikumbuka: kabla ya tufani.

Fundi hakusema mengi. Aliomba ndimu mbili na kipande cha nanasi, akavikamulia ndani ya sufuria, akaifunika na kuiacha barazani kwa Jumbe, mlinzi ameketi kando yake. Asubuhi ya pili aliifunua mbele ya watu. Maji ya matunda yalikuwa yamegeuka kijani, na pembeni palikuwa na ukoga kama wa kisima kikuukuu.

"Shaba tupu na kitu kichachu havilali pamoja," alisema Bwanaheri. "Wali hauidhuru, nyama haiidhuru. Ndimu huila, na anayekula ile ndimu huila shaba. Bati limekwisha kwa kusuguliwa. Mwokaji hana kosa, na mwenye sufuria naye hana kosa ila usafi."

Sikuzani alikuwa amesimama nyuma, kati ya wanawake. Anasema alikaa chini pale pale kwenye tope. Genoveva alidhani amezimia. Hakuzimia. Alikuwa anavuta pumzi, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyetua mzigo.

Jumbe alitangaza palepale kwamba Sikuzani hana hatia na ana ruhusa ya kuuza. Lakini neno la Jumbe ni kitu kimoja, na tumbo la mtu ni kitu kingine. Watu walimpa pole, wakaenda zao, na hakuna aliyeagiza. Alioka kaango moja kesho yake, likabaki zima mpaka alasiri.

Ndipo Rehani alipokuja. Alikuwa amekonda, anatembea kwa fimbo. Hakuingia uani, aliketi barazani hadharani, akasema anataka kula. Sikuzani alimletea kipande juu ya jani la mgomba. Rehani akala, watu wakitazama, mpaka akalamba vidole.

Kisha alimwambia habari ambazo alipaswa kumwambia miaka minne kabla. Msabaha hakuachwa njiani. Alifia Mpwapwa, Rehani akiwa kando yake, na msafara ulisimama siku mbili. Sanda alikatiwa kutoka katika jora la mzigo wake mwenyewe, na kaburi lake liko juu ya kijito, limezungushiwa mawe.

Sikuzani alimwuliza kwa nini hakuja kumwambia.

"Kwa sababu kuna lingine," alisema Rehani. "Siku mbili kabla hajafa aliniambia hawezi kubeba. Nilimhimiza. Nilidhani ni uvivu, nikampa mzigo akaubeba. Hilo ni langu, Bibi. Nisingeweza kuja nikakwambia moja nikaficha la pili."

Mwandishi alimwuliza Sikuzani alijibu nini. Anasema alichukua lile jani la mgomba, akaingia ndani. Alilia kidogo, kisha akalala, mchana ule, usingizi ambao hakuupata tangu siku ya karamu, na alipoamka kulikuwa na mtu anabisha hodi akitaka vipande vitatu.

"Sijamsamehe, na sijakataa kumsamehe," anasema sasa. "Lakini miaka minne nilikuwa namwona Msabaha amelala njiani, ndege juu yake. Sasa namwona chini ya mawe. Ni tofauti kubwa. Wewe hujui tofauti yake."

Bibi Fatu naye alikuja, siku mbili baadaye, jioni, akiwa na kitambaa kipya cha kaniki. Aliomba radhi mara moja kwa sauti ndogo, na Sikuzani akaipokea. Urafiki hawana, lakini kitambaa anacho, na sufuria ya urithi iko kwa Bwanaheri ikitiwa bati. Fundi anasema mwezi huu ameletewa sufuria nyingi kuliko mwaka mzima uliopita. Wanawake wa Dunda wamekumbuka wote kwa pamoja.

Kaango liko tayari. Sikuzani anaondoa makaa, anafunua, na mvuke unapanda wenye harufu ya iliki. Chenga zimekuwa rangi ya tende, na pembeni maji ya nanasi yanachemka yakitoa povu dogo. Mlangoni wanawake wawili tayari wana sahani zao. Ni za udongo, na mmoja anahakikisha mwenye nyumba ameiona yake.

Zimebaki siku tisa kuingia mwezi wa Ramadhani. Nyumba kumi na nne zimekwisha agiza chengachenga kwa futari, na Sikuzani amewaagizia wafinyanzi makaango kumi mapya, kwani sharti lake kwa wateja sasa ni kwamba chakula hakihami chombo. Anayetaka kukihamisha, asinunue.

Baada ya Idi, njia zikikauka, ana safari. Rehani ataongoza msafara tena, na Sikuzani amemwambia atakwenda nao mpaka Mpwapwa, mwendo wa nusu mwezi, akiwapikia wapagazi ili alipe chakula chake. Rehani alijaribu kumweleza ugumu wa njia. Sikuzani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza siku ya kuondoka.

Genoveva ameahidi kuwaangalia wateja kila atakapotoka jikoni kwa masista, ingawa ana wasiwasi kwamba mkono wake utatia samli nyingi.

"Nitakwenda nisome Yasini pale," anasema Sikuzani, akikata chengachenga vipande kwa kisu. "Nikae siku moja, niyapange mawe vizuri kama yamesogea. Halafu nitarudi na msafara wa kwanza unaoshuka. Embe zitakuwa zimekaribia, na embe sijazijaribu na chicha."